Kolamu zote C18, mbona majibu hayafanani?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina kolamu mbili za HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwenye kimiminika), zote C18, urefu sm 15, chembe mikroni 5, mobaili fezi (kimiminika kinachopita kwenye kolamu) ni ileile ya pH 7. Kwenye ya kwanza dawa yangu (ni amini, yaani ina nitrojeni inayobeba chaji chanya) inatoka kabla ya uchafu wake ambao hauna chaji, kwenye ya pili inatoka baada yake na piki (mlima wake kwenye grafu) inaburuta mkia. Hii ya pili ni mbovu? Na nikitaka kolamu ya akiba niangalie nini?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mbovu sidhani. C18 inakwambia tu kuna mnyororo wa kaboni 18 umefungwa juu ya silika, basi, haisemi minyororo imebanana vipi wala silika ina mabaki ya metali kiasi gani wala silanoli (vikundi vya OH juu ya silika) zilizobaki zimefunikwa au zipo wazi, na hapo ndo kwenye tatizo lako, maana kwenye pH 7 silanoli nyingi zina chaji hasi na amini yako ina chanya, zinashikana, dawa inachelewa na mkia unatokea.

Ukitaka kuhakikisha fanya vipimo vya Tanaka, vya kulinganisha tabia za kolamu, vipo tangu 1989 na havihitaji mashine ya ajabu. Piga (ingiza kwenye kolamu) yurasili upate muda wa kitu kisichoshikwa kabisa, halafu benzilamini na fenoli kwenye bafa ya pH 7.6, gawanya ritensheni fakta (kipimo cha kitu kimeshikwa kiasi gani, ukilinganisha na kisichoshikwa) ya benzilamini kwa ya fenoli. Namba ikiwa kubwa silanoli ziko kazini. Rudia kwenye pH 2.7, ikibaki kubwa hata huko basi silika yenyewe ina asidi kali, za kizamani nyingi ziko hivyo. Pentilibenzini inakupa nguvu ya kushika mafuta, trifenileni na o-terfenili zinaonyesha kama kolamu inatofautisha molekuli bapa na iliyopinda, ila kwa kesi yako hizo zisikuumize kichwa.

Kuhusu ya akiba, USP (shirika la viwango vya dawa la Marekani) wana databezi ya bure kwenye intaneti inayotumia modeli ya Snyder na Dolan, kila kolamu ina namba tano za jinsi inavyoshika vitu, H, S, A, B na C, na C ndo ya kushika amini, imepimwa pH 2.8 na 7.0. Weka kolamu yako ya kwanza, itakupangia zingine kwa Fs (namba ya jinsi kolamu mbili zinavyotofautiana), chini ya 3 mara nyingi zinabadilishana bila shida. Chagua pH ya 7.0 tafadhali, ukiacha 2.8 utaletewa orodha nzuri isiyokuhusu, na C usiitoe kabisa, hiyo ni ya kutoa pale sampuli ikiwa haina amini. Kuiamini lebo ya L1 ya USP (jina la kundi la kolamu) peke yake usijaribu, humo C18 karibu zote zimo kundi moja, hata hizi zako mbili.

Kabla hujanunua kitu, shusha bafa mpaka pH 3 upige tena kwenye ile ya pili. Mkia ukipungua sana, ujue ni silanoli.