Mlango wa Land Rover ukigoma kufunga, usianze na mlango

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya bodi hapa Tanga, gari litakalowafundisha kuliko yote ni Land Rover ya zamani. Bado zinaletwa gereji: iliyochoka kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, ya mtu anayepanda na kushuka Amani kila wiki, nyingine imerithiwa na wenyewe hawataki kuiuza. Nyingi huja na malalamiko yaleyale. Mlango haufungi mpaka uubamize, au unafunga lakini njiani unagonga, au mvua ikinyesha maji yanamwagikia miguuni mwa dereva.

Fundi mgeni akiona hivyo huingiza kipande cha mbao kwenye bawaba, huukandamiza mlango mpaka ukunjike, kisha humwambia mwenye gari tayari. Kweli utafunga. Lakini likishapigwa na mashimo ya kutosha gari linarudi, na safari hii bawaba imekunjwa na tundu za bolti zimepanuka. Nawaomba mlishike hili kabla hamjagusa spana: mlango ndio wa mwisho kuguswa. Ukikaa vibaya, mara nyingi unakuonyesha kwamba kile kinachoubeba kimehama.

Basi kijue kinachoubeba. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikafanywa ya alumini. Lakini si yote. Chesisi, ule mfupa wa chini unaolibeba gari, ni chuma. Ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, na nguzo za kushikia bawaba za milango ya mbele ni sehemu ya ukuta huohuo. Hata mlango wenyewe, kwa hizi za zamani, una fremu ya chuma ndani iliyovishwa bati la alumini. Ukuta wa injini umekalia mikono miwili ya chuma iliyotoka ubavuni mwa chesisi, mmoja kila upande. Mkono huo ukiliwa na kutu ukuta unashuka, ukishuka unashuka na nguzo, na nguzo inashuka na mlango. Hapo hata uhangaike na bawaba wiki nzima, unafukuza kivuli.

Kwa hiyo gari likifika lipeleke kwenye sakafu iliyo sawa, likae kwa matairi yake yote manne. Usilipandishe jeki bado. Angalia upenyo kuuzunguka mlango mzima. Upenyo ulio sawa pande zote ila mlango mzima umeshuka, na upenyo uliobana pembe moja ukapanuka pembe ya pili, hayo ni maradhi mawili tofauti. Chukua futi kamba, pima tundu la mlango kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha pima na la upande wa pili wa gari. Vipimo vikipishana sana, jua tundu lenyewe limepinda. Baada ya hapo piga jeki chini ya chesisi, kona moja tu, taratibu, huku mwenzako akiutazama upenyo. Ukifunguka na kufumba wazi wazi, ingia chini na bisibisi ugongegonge mikono ya chesisi na chini ya ukuta, hasa pale panapokanyagwa na miguu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na bisibisi inazama.

Ukikuta kuoza, simama hapo hapo umwite mwenye gari aone kwa macho yake. Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyekuja na shida ya mlango kwamba kazi yake ni ya kuchomelea chesisi. Mwambie hivyo hivyo. Mikono hiyo na ule ukuta ndivyo vinavyoibeba bodi alimokaa yeye na watoto wake.

Kama chini hakujaoza, njoo kwenye bawaba. Fungua mlango, ushike ukingo wa nyuma kwa mikono miwili, uinue na kuushusha. Ukicheza usikimbilie kukaza, tafuta unachezea wapi. Mwenzako aweke kidole kwenye pini ya bawaba: pini ikicheza ndani ya bawaba, bawaba imelika na ibadilishwe. Bawaba nzima ikicheza juu ya nguzo, bolti zimelegea au nati zilizofichwa ndani ya nguzo zimeng'oka. Ikicheza upande wa mlango, fremu ya mlango imepasuka, na ufa wenyewe huwa umefichwa na rangi. Hapo ni kuchomelea, hakuna cha kukaza.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kabla ya kurekebisha chochote, kifungue kile chuma cha kwenye nguzo kinachopokea kitasa, kiweke pembeni. Na mpira wa mlango utoe. Kile chuma huubeba mlango ukiwa umefungwa, kinaunyanyua mlango ulioshuka ukaonekana mzima. Mpira mpya nao ni mnene, unausukuma mlango nje. Mlango uning'inie peke yake kwenye bawaba zake ndipo utaiona hali yake.

Kisha chora mstari kuzunguka kila bawaba kwa msumari au penseli, ujue ulikotoka. Weka jeki chini ya mlango na ubao juu yake, iubebe tu, isiuinue. Legeza bawaba moja tu kwa wakati. Ukilegeza zote mbili umepoteza alama zote na mlango utakuangukia.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo ukiielewa hutakisia tena. Mlango ulioshuka nyuma hauhitaji kunyanyuliwa kwa nguvu. Acha bawaba ya juu palepale, ya chini isogee nyuma kidogo, na ukingo wa nyuma utapanda wenyewe. Kidogo kiasi gani? Tuseme bawaba zimeachana sentimita 40 na mlango una upana wa sentimita 80. Milimita 1 uliyosogeza kwenye bawaba inakuwa milimita 2 kule nyuma. Kwa hiyo washa moja nyembamba, kile kipete bapa cha kupachika kati ya bawaba na nguzo, inatosha kutofautisha mlango unaogonga na unaofunga kwa kidole. Anayeweka washa nne kwa pamoja hajapima. Sogeza, kaza, funga, tazama, rudia. Hapa subira inalipa kuliko mabavu, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote.

Kwenye gari la milango minne anza na ya nyuma, kwa kuwa sanduku la nyuma limefungwa kwenye chesisi kwa bolti nyingi na huhama kwa nadra. Panga mlango wa nyuma ulingane nalo, kisha nguzo ya kati, kisha mlango wa mbele. Madigadi ya mbele ni ya mwisho, maana yameshikana na ukuta wa injini, na ukiuhamisha ukuta baadaye utayafungua upya.

Mlango ukishaning'inia vizuri, rudisha chuma cha kitasa na ukilegeze kidogo. Funga mlango polepole ukitazama ulimi wa kitasa unaingia wapi. Uingie katikati bila kuuinua mlango wala kuuvuta chini. Kaza.

Suala la kutu linahitaji maneno yake, kwa sababu hapa tuko baharini. Gari linalolala Raskazone linapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi. Alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Utaona unga mweupe na rangi imevimba kwenye mikunjo ya chini ya mlango, pale bati lilipokunjiwa juu ya fremu. Ukiweka puti juu yake umefunika donda, hujalitibu. Fungua mkunjo, safisha mpaka metali safi, paka rangi ya msingi pande zote mbili, weka kitu cha kutenganisha katikati, kisha kunja tena. Na vitundu vya chini ya mlango vizibue kwa waya. Vimewekwa ili maji yatoke. Tope la barabara ya Amani likivijaza, kila mvua ya masika inabaki ndani ya mlango.

Bati la alumini lililobonyea usilipige kama bati la kawaida. Kadiri unavyoligonga linakuwa gumu, mwishowe linapasuka. Lilainishe kwanza: paka sabuni ya kipande ikiwa kavu, pitisha moto wa gesi juu juu mpaka sabuni igeuke nyeusi, uache hapo hapo. Likipoa utaliona linatii nyundo. Ukisubiri liwe jekundu utalitoboa, maana alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka.

Na kabla ya kuwasha moto au kuchomelea, uliza tangi liko wapi. Land Rover nyingi za zamani tangi liko chini ya kiti cha mbele, hatua moja kutoka kwenye nguzo unayoichomelea. Litoe nje kabisa, na mafuta yake yawe mbali. Chomoa betri na nyaya za altaneta. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na usikubali kuharakishwa na mtu yeyote katika hili, hata mwenye gereji.

Baada ya mpira kurudi, kata vipande vya karatasi, ufunge mlango juu ya kimoja kimoja kuuzunguka wote. Kila kimoja kivute. Kinapotoka bila kushikwa, ndipo maji na vumbi vitakapoingia, na hapo mpira unahitaji kukaribishwa. Kisha mwagia maji kwa mpira wa bustani, ukianzia chini kwenda juu ili ujue yanaingilia wapi hasa.

Ukimkabidhi mwenye gari, mwambie arudi akishapita barabara mbaya mara ya kwanza. Bolti mpya na washa mpya hukaa vizuri baada ya kutikiswa, na zinataka kukazwa tena. Usimtoze kwa hilo. Hakikisha tu alama zako za penseli bado zipo, uzitazame kabla ya spana.