Miles Davis wa umeme: anza na Jack Johnson, na anza na besi

Mleta mada anasema kakulia kwenye dansi na rumba, anapenda magitaa, kasikia sifa za Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, wa zama alipohamia vyombo vya umeme, akashusha albamu yake Bitches Brew, akasikiliza robo saa akazima. Anauliza tatizo ni masikio yake au ni muziki wenyewe. Wakuu wengi hapo juu wamemwambia avumilie, arudie mpaka izame.

Mimi ushauri wa kuvumilia siuungi mkono. Muziki si mwarobaini, mtu aunywe amekunja uso. Bitches Brew ilirekodiwa New York Agosti 1969 na mle ndani kumejaa watu: wapiga drams wawili, besi ya umeme na besi kubwa ya mbao pamoja, vinanda vya umeme viwili au vitatu kwa mpigo, klarineti nzito inayopita chini kwa chini. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini mgeni hajui ashike nini, na mtu asiye na cha kushika lazima azime.

Shika albamu yake nyingine, Jack Johnson. Siku hizi utaikuta kwa jina la A Tribute to Jack Johnson, ni ileile. Ilitoka mwanzoni mwa 1971, na sehemu kubwa ilirekodiwa siku moja, tarehe 7 Aprili 1970. Nyimbo ni mbili tu, kila mmoja umekula upande mzima wa santuri, dakika ishirini na tano na ushee: "Right Off" na "Yesternow". Waliopiga siku hiyo ni sita: Miles kwenye tarumbeta, Steve Grossman saksofoni ya soprano, John McLaughlin gitaa, Herbie Hancock ogani, Billy Cobham drams, na Michael Henderson besi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa besi, napiga kwenye bendi ya hoteli na Jumapili kanisani, kwa hiyo nitavutia upande wangu. Ila hata ningekuwa mpiga kinanda ningekwambia hivi hivi: usiisikilize tarumbeta kwanza. Msikilize Henderson. Alikuwa na miaka 18, kijana wa Detroit, hakutokea kwenye jazi kabisa. Alikuwa anampigia mwimbaji Stevie Wonder, Miles akamwona jukwaani akamchukua. Wapiga besi wa jazi waliomtangulia walizoea kutembea, yaani kupanda na kushuka noti kwa noti, kujibizana na solo, kubadilisha njia kila wakisikia kitu kipya. Henderson haondoki. Kapewa kiwanja, kasimama katikati, na hata mkimzunguka mara mia mtamkuta palepale.

Wewe mtu wa rumba hili unalijua tayari, hujapewa tu ruhusa ya kulitumia huku. Sebene likishaanza, kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ni mbili tatu zinazunguka, besi na drams zinakaba, solo ndiyo inazurura. Hakuna anayelalamika kwamba wimbo hauendi popote. Sasa chukua masikio hayohayo uyapeleke kwenye "Right Off".

Inaanza na McLaughlin. Habari inayojulikana ni kwamba Miles alikuwa bado chumba cha mitambo anaongea na prodyuza wake, Teo Macero, wenzake wamechoka kusubiri, McLaughlin akaanza kukwaruza kodi za bugi kwenye kii ya E, yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo umesimama juu yake, Cobham akaingia na Henderson akafuata. Mkanda ulikuwa unazunguka. Kwa dakika mbili hivi hakuna tarumbeta, ni gitaa, besi na drams tu, zinasukumana kwa raha kabisa. Halafu kinatokea kitu ambacho nakuomba usikilize kwa makini. Gitaa linashuka sauti, McLaughlin anahamia B flati. Henderson hajahama, bado yuko E. Hizo kii mbili ziko mbali kabisa na zinachukiana. Ungekuwa ukumbini ungesema bendi imevurugika. Na hapohapo ndipo Miles anapoingia. Hachagui upande. Anaanza na D flati, noti ambayo kwa mtu aliye B flati maina (ngazi ya huzuni) ni ya tatu yake, na kwa aliye E ni ya sita, kwa hiyo inakaa kwa wote wawili. Anaipigapiga ileile, fupi fupi, mpaka Henderson naye anakuja, na bendi nzima inasimama pamoja.

Sisi tuliwahi kulijaribu mazoezini. Nikamwambia kijana wa solo ahame bila kunipa ishara, mimi nabaki E. Naapa, ukiwa na besi mkononi na gitaa limeshaondoka, vidole vya kushoto vinawasha. Mkono wote unataka kukimbilia B flati, maana miaka yote umefundishwa kwamba anayebaki nyuma ndiye aliyekosea. Mpiga drams wetu aliacha fimbo akauliza nani kapotea. Mzee wetu wa tarumbeta, aliyepuliza kwenye bendi za dansi kabla sisi wengine hatujazaliwa, akamjibu, "Hakuna aliyepotea, mwanangu, piga." Tukapiga. Haikuwa nzuri, maana hatukuwa na Miles wa kuja kutupatanisha, ila tangu siku hiyo kile kipande nakisikia kwa mkono.

Hancock kwenye hiyo rekodi alikuwa mpita njia. Alikuja jengoni kwa shughuli zake, Miles akamkalisha kwenye ogani ya Farfisa. Ndiyo maana ogani inasikika kwa makelele namna ile, kodi inadondoka kama imetupwa. Mimi naipenda hivyohivyo. Anayetaka Hancock wa kunyoosha mambo atamkuta kwenye rekodi nyingine nyingi.

Ukifika katikati ya "Right Off" bendi itakatika ghafla, tarumbeta itabaki peke yake hewani. Usidhani faili lako ni bovu. Hicho ni kipande cha rekodi nyingine, ya Novemba 1969, Macero alikikata na kukiunga. Albamu nzima imejengwa kwa wembe na gundi, na "Yesternow" ndiyo zaidi: kuna mahali kimepachikwa kipande cha "Shhh/Peaceful" kutoka albamu yake In a Silent Way, kisha unahamishiwa kwenye rekodi ya Februari 1970 yenye wanamuziki wengi tofauti, akiwemo Sonny Sharrock kwenye gitaa. Kuna wanaoona huku ni kudanganya. Kwangu mimi mkataji naye ni mpigaji, sawa na yeyote aliyekuwa mle studio.

Besi ya mwanzo wa "Yesternow", kama unamjua James Brown, utaishtukia. Imechukuliwa kwenye wimbo wake "Say It Loud", ikapunguzwa mwendo na kuachiwa mapengo marefu. Hapo Miles anajua anachofanya, kwa sababu albamu hii ni muziki wa filamu ya hali halisi kuhusu Jack Johnson, bondia mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alimpiga Tommy Burns kule Sydney Desemba 1908, na tarehe 4 Julai 1910 akamshinda Jim Jeffries pale Reno, pambano ambalo Wazungu wengi wa Marekani waliliandaa mioyoni ili mkanda urudi kwao. Miles mwenyewe alikuwa akifanya mazoezi ya ngumi, na maneno ya kwenye kasha kayaandika yeye, kuhusu wivu uliomwandama Johnson. Mwishoni mwigizaji Brock Peters anatamka kwa sauti ya Johnson kwamba ni mweusi na hatawaacha walisahau hilo.

Ukishaizoea, nenda In a Silent Way, imepoa na utakikuta nyumbani kwake kile kipande cha "Shhh/Peaceful". Halafu Live-Evil, Henderson yumo, safari hii sehemu kubwa ni jukwaani Washington. On the Corner ya 1972 iweke baadaye kidogo, kule besi inang'ang'ania zaidi na hakuna wa kukuonea huruma. Bitches Brew irudie ukishapita hapo, utajua wa kumshika.

Na tafadhali, mkuu, usisikilizie kwenye spika ya simu. Besi yote itamezwa, utabaki na gitaa linalokwaruza na sahani za drams, kesho uturudie hapa kulalamika kwamba tumekupoteza.