Zile 3+ si za VVU

SWALI: Shikamoo, Mzee. Nashona nguo hapa Arua. Dada yangu alitolewa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa titi, kikapelekwa Kampala. Karatasi imerudi na maneno HER2 3+. Daktari alisema "vipokezi vimezidi", akaita mgonjwa mwingine. Jirani ameona zile alama za kujumlisha, sasa hataki watoto wake wale na wetu. Je, ni virusi?
Mshonaji, Arua

JIBU: Marahaba, binti yangu. Watoto warudi kwenye sinia moja leo hii. Si virusi, haiambukizi, na dada yako hakuirithi. Hitilafu ilizuka ndani ya seli za uvimbe wenyewe.

Kipokezi ni protini iliyochomwa kwenye utando wa seli kama sindano yako kwenye kitenge: kichwa nje, mkia ndani. Kichocheo cha ukuaji kikinasa pale nje, vipokezi viwili hushikana, mikia yao ikabandikana fosfeti, yaani alama ndogo za kikemikali, na habari ikapokezanwa na protini za ndani hadi kwenye kiini: gawanyika! Kisha seli hukimeza kipokezi, kelele zikakoma. Kidole ulichojichoma na sindano hupona kwa njia hiyohiyo.

HER2 ni wa ukoo huo, ila ana ukorofi wake. Hana kichocheo chake mwenyewe kinachojulikana. Hukaa mkono wazi akingoja mwenzake wa kushikana naye. Akiwa wa kiasi, hana neno. Seli za dada yako zimerudufu jeni yake kupita kiasi, utando umejaa, na sasa vipokezi vinashikana bila kuitwa na yeyote.

Hizo 3+ ni kipimo tu cha rangi ya maabara inayoshika palipo na HER2. Katika miaka yangu 22 ya maabara, hilo ndilo jibu lililonipa kazi ndogo: seli zimezungushiwa duara zito la kahawia, kama chapati iliyoungua ukingoni. Iliyoninyima usingizi ni 2+, duara hafifu, maana hapo hubidi jeni zenyewe zihesabiwe.

Kwa 3+ kuna dawa inayolengwa hukohuko, trastuzumabu. Humkamata HER2 kwa nje, na tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwulizeni daktari kama itamfaa dada. Lakini seli za moyo nazo humtumia HER2, kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza ulizeni: "Atapigwa lini picha ya moyo?"