Usiiache Hadithi Ipoe

Bibi yangu alikuwa hazimi moto usiku. Watu wakishakula, alichagua kipande cha kuni kilichoshika vizuri, akakifukia kwenye jivu katikati ya mafiga, akaenda kulala. Alfajiri alifukua, akaweka makumbi makavu ya nazi, akapuliza mara mbili tatu, na maji ya chai yalikuwa jikoni wakati jirani bado anabisha hodi kuomba kaa la moto. Riwaya yangu ya kwanza nimeiandika hivyohivyo, kwa miaka mitatu na miezi minne, na hilo ndilo jambo kubwa nililonalo la kumwambia mtu anayeanza kuandika huku ana kazi, ana watoto, na ana ndugu wanaomtegemea.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hapa mkoani Tanga. Kuna zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na ratiba hubadilika kila wiki. Nina watoto watatu, na mama mkwe anaishi nasi. Wanaoanza kuandika huniuliza muda naupata wapi. Swali zuri, ila mimi naona muda si adui mkubwa. Robo saa haikosekani. Kinachokufa ni hamu, na hamu hufa kwa sababu hadithi imeachwa ikapoa hadi mwenyewe huitambui tena.

Najua kwa sababu mwaka wa kwanza niliipoza ya kwangu. Nilijipangia kuandika Jumapili tu, saa nne mfululizo, mlango umefungwa. Jumapili ya kwanza nikatoa kurasa kumi na moja, nikalala nikiwa na furaha. Ya pili walikuja shemeji zangu. Ya tatu nilikuwa msibani Muheza. Ya nne nilipoketi, saa nzima ilikwisha nikisoma nilichokwisha kuandika, nikijaribu kukumbuka yule mzee wa sura ya pili alikuwa amekasirikia nini. Nilipokumbuka, mtoto ameamka. Mwaka ukaisha nina kurasa thelathini na nne, na nimeshaanza kuamini kwamba kipaji sina. Kipaji hakikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nawasha moto upya kila wiki, kwa kuni mbichi.

Mwaka wa pili nikabadilisha. Kila siku lazima niiguse hadithi, hata kwa mistari mitano, hata kwa kuongeza jina la mti ulio uani kwa mhusika. Siku za kazi lengo langu likawa maneno mia mbili, ambayo kwa mwandiko wangu ni ukurasa mmoja wa kaunta buku. Piga hesabu: maneno 200 kwa siku tano za wiki ni 1,000, kwa wiki hamsini ni 50,000. Hiyo ni riwaya. Na hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma kuhusu idadi ya maneno umetoka kwa waandishi wa Kiingereza. Lugha yetu inafunga mambo mengi ndani ya neno moja. "Hatukumwambia" kwetu ni neno moja. Kiingereza kinahitaji matano kusema hilohilo. Kwa hiyo ukiona mwandishi wa Uingereza anajisifu kwa maneno 1,000 kwa siku, usijione mvivu na 500 zako. Huenda mmebeba mzigo wa uzito uleule.

Sasa nikuonyeshe kile kilichonisaidia kuliko vyote. Naacha kuandika nikiwa bado najua kinachofuata, na ikiwezekana naacha katikati ya sentensi. Usiku mmoja nilikuwa kwenye tukio ambalo Mwanahawa anafungua sanduku la marehemu shangazi yake. Nikaandika: "Akafunua kanga ya juu, na chini yake, badala ya vitenge alivyoambiwa, kulikuwa na". Nikaweka kalamu. Nilijua kilichokuwamo: viatu vya mtoto, pea moja, havijawahi kuvaliwa. Kesho yake kutwa nzima napima presha, nabadilisha dripu, najaza mafaili, na vile viatu vinaniita. Nilipokuwa nakabidhi zamu nilishajua vina rangi gani. Usiku nilipofungua daftari sikuwa na kazi ya kujilazimisha. Niliandika "viatu vya mtoto", na kabla sijafika mwisho wa mstari Mwanahawa alikuwa anajiuliza ni mtoto yupi, maana shangazi alijulikana kuwa hakuzaa. Kurasa mbili na nusu zilitoka siku hiyo, nami nilikuwa nimechoka sana. Ningemaliza lile tukio usiku uliotangulia, ningeketi mbele ya karatasi tupu nikajisemea nipumzike, nitaandika kesho.

Ukiacha katikati, hadithi inaendelea kupikika kichwani wakati mikono iko kwenye kazi nyingine. Unafua, unapanga foleni benki, unasubiri daladala ijae, na watu wako wanazungumza. Hicho ndicho kile kipande cha kuni chini ya jivu.

Vifaa visikusumbue. Karibu rasimu yote ya kwanza niliiandika kwa mkono, kwenye kaunta buku tano, kwa sababu daftari halihitaji umeme wala bando, na mtoto akilitaka halivunjiki. Safarini niliandika vifungu vidogo kwenye simu, na nikitembea kwa miguu nilijirekodi sauti. Lakini hifadhi kazi yako. Simu yangu iliibiwa stendi ikiwa na sura tatu ambazo sikuwa nimezinakili popote, na nililia kama mtu aliyefiwa. Sura hizo niliziandika upya, mbili zikawa bora kuliko za mwanzo na moja haijawahi kurudi ilivyokuwa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa napiga picha kurasa za wiki na kujitumia kwa barua pepe. Dakika tatu tu.

Kuna watakaokuambia wodini kuna hadithi nyingi za kuandika. Ni kweli, na siandiki hata moja. Siri ya mama aliyekuja kujifungua ni yake. Ninachochukua kazini ni kilicho changu: uchovu wa magoti saa kumi alfajiri, mlio wa trei ya chuma, namna watu wanavyonyamaza kabla ya kupewa habari. Kama kazi yako inakukutanisha na siri za watu, liamue hili mapema, maana siku hamu ikipungua kishawishi cha kuokota la mtu ni kikubwa.

Jambo jingine linalopoza hadithi ni kuisimulia. Mwanzoni nilikuwa namhadithia mume wangu kila kitu wakati wa kula, naye alisikiliza vizuri, akacheka panapochekesha. Kisha nikienda kuandika, nakuta sina haraka tena. Nilishapata kicheko changu mezani. Siku hizi namwambia nimeandika kiasi gani, simwambii nini. Yeye ndiye ameridhia kwamba saa tatu hadi saa tatu na nusu usiku watoto ni wake, na hilo halikutokea kwa kununa. Nilikaa naye, nikamwambia ninachotaka, nikamwambia kitachukua miaka, nikamuuliza yeye anataka nafasi gani katika wiki. Alitaka Jumamosi jioni zake za mpira. Wengi tunaficha uandishi kama tunafanya jambo la aibu, halafu tunawalaumu watu wa nyumbani kwa kutuingilia katika jambo wasilolijua.

Kuhusu maoni ya watu nina uchungu kidogo. Nikiwa na sura nne tu, nilimpa mtu anayefanya kazi ya uchapishaji. Akaniambia riwaya za namna hii hazinunuliwi, afadhali niandike kitabu cha kiada. Huenda kwenye soko alikuwa sahihi. Lakini sikugusa daftari kwa miezi mitano. Usimwonyeshe mtu rasimu ambayo haijafika mwisho, isipokuwa msomaji mmoja unayemwamini, na huyo mwulize swali moja tu: ulitamani kuendelea? Mengine yasubiri. Hadithi changa ni kama kichanga, haipelekwi kwenye upepo.

Katikati ya riwaya ni pagumu, na hili sitakuficha. Mwanzo unabebwa na upya wake, mwisho unavutwa na hamu ya kumaliza. Katikati hakuna cha kukubeba. Mimi nilikwama sura ya tisa kwa wiki saba. Kila siku niliandika na kila siku ilikuwa makapi. Mwisho nikairuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye tukio nililolingoja tangu siku ya kwanza, Mwanahawa na baba yake kwenye gati la Pangani, nikaliandika kwa siku nne. Nililia nikiliandika. Baada ya hapo ndipo nikajua sura ya tisa ilikuwa inanishinda kwa nini: nilikuwa namwonyesha yule baba kama mtu mbaya, naye hakuwa mbaya, alikuwa mwoga. Riwaya si mkeka, hulazimiki kuishona kwa kufuata ukili kutoka ncha moja hadi nyingine.

Nikikata tamaa kwa sababu ya kazi, huwa namkumbuka Shaaban Robert, mtu wa hapa kwetu Tanga, mzaliwa wa Vibambani. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa mtumishi wa forodha, na baada ya hapo aliendelea na kazi za serikali katika idara nyingine. Ajira hiyo ya ukarani ndiyo iliyomlisha, na vitabu vikaja juu yake. Sidhani kama alingoja wepesi. Nikiwa zamu ya usiku, hilo linanipa nguvu kuliko picha ya mwandishi aliyetulia peke yake kwenye nyumba ya ufukweni.

Tuzo nazo zinaweza kuchochea, ukizitumia kwa wakati wake. Ile ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mimi nilipofika sura tatu za mwisho niliandika kwenye karatasi tarehe ya mwisho ya kupokea miswada, nikaibandika kwenye mlango wa friji, na miezi miwili ile niliandika kuliko wakati wowote. Lakini ukianza kuwazia tuzo ukiwa sura ya pili, utaandika kwa ajili ya majaji, na wahusika wako watakaa kimya.

Na itatokea tu, kwamba utaacha. Mtoto atalazwa, mzazi ataugua, utahamishwa kituo cha kazi. Mimi mama yangu alipofariki nilikaa miezi mitatu bila kuandika neno, na sijutii hata siku moja kati ya hizo. Kuna nyakati ambapo mahali pako ni kwenye jamvi pamoja na wenzako, basi. Tatizo ni kurudi. Kosa la kwanza la anayerudi ni kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Utaona makosa mia, utaanza kusahihisha, na wiki mbili baadaye utakuwa umechoka na hujaongeza kitu. Kosa la pili ni kutaka kulipa deni la siku zilizopotea. Hakuna deni. Soma kurasa kumi za mwisho tu, kwa sauti, kisha zinakili kwa mkono mbili za mwisho kabisa kana kwamba unaziandika leo.

Niliporudi mimi, ilikuwa asubuhi ya mapumziko baada ya zamu ya usiku, watoto wako shule. Nikanakili kurasa zile mbili kwenye kaunta buku mpya, ya nne. Nikafika pale nilipokuwa nimeachia kabla ya msiba. Sentensi ilikuwa nusu: "Mwanahawa akamwambia mama yake kwamba". Sikukumbuka hata kidogo nilikuwa nataka amwambie nini. Nikakaa na ile kwamba muda mrefu, chai ikapoa mezani. Kisha nikaandika kitu ambacho miezi mitatu kabla nisingeweza kukiandika, na ndicho kilichobaki kwenye kitabu hadi leo.