Naogopa Kubinuliwa Kichwa Chini

SWALI: Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 52, na kwa miaka sita sasa nasumbuliwa na maumivu ya kiuno ambayo mara nyingine huteremka hadi paja la kushoto. Mwanangu anayefanya kazi Muscat amenitumia ile meza ambayo mtu hufungwa vifundo vya miguu kisha ikambinua kichwa chini. Nilijaribu mara moja tu: mpwa wangu aliisukuma ghafla, damu ikanijaa usoni, masikio yakavuma, nikapiga ukelele hadi majirani wakaja. Tangu siku hiyo meza imefunikwa kanga, na mume wangu ananiita popo. Mwanangu anasisitiza niendelee. Je, naogopa bure?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mama, huogopi bure, na kosa la siku ile lilikuwa la aliyesukuma. Mtu anapobinuliwa, shinikizo la damu hupanda, na shinikizo la ndani ya macho hupanda vilevile. Hukutaja kama una presha, na hilo ndilo ningependa lijulikane kabla ya jambo jingine lolote. Nenda ukapimwe, ikiwa inafika 140 kwa 90 au zaidi, au unatumia dawa zake, meza ibaki chini ya kanga mpaka daktari aseme vingine. Macho nayo yakaguliwe, kwa kuwa presha ya macho kwa kawaida hunyemelea bila maumivu. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito, na mwenye mifupa iliyodhoofika, jambo ambalo huwapata wengi wetu baada ya hedhi kukoma, wote hawafai kuitumia.

Mweleze daktari pia kuhusu hilo paja. Maumivu yanayoshuka mguuni mara nyingi hutokana na diski ya kiunoni, yaani kile kijigodoro kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo, kuubana mshipa wa fahamu, lakini homa, jasho la usiku na kukonda huweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa na wala si kwa kuning'inia. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au mguu ukalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo vikiwa salama, anza upya, polepole. Rekebisha kwanza urefu wa meza kulingana na kimo chako: ukilala huku mikono ikiwa kifuani, meza isisogee sana, ukiinua mkono mmoja kuelekea kichwani, ianze kuinama taratibu. Hapo mikono yako ndiyo inayoiongoza, na mpwa abaki kusimama kando bila kugusa kitu. Kagua kufuli la vifundo kwa mkono kila mara, na ufunge ule mkanda unaozuia meza isipite kiwango ulichokiweka. Mwinamo wa nyuzi 15 au 20, kwa muda wa dakika moja, unatosha kwa wiki ya kwanza, na mtu halazimiki kamwe kufika wima kama popo wa mumeo. Wakati wa kurudi, tulia kidogo ukiwa umelala sawa kabla ya kusimama, la sivyo utapata kizunguzungu.

Sasa kuhusu matumaini ya mwanao. Utafiti mdogo uliofanyika Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwahusu wagonjwa 26 wenye tatizo la diski moja, na katika kundi lililobinuliwa asilimia 77 waliepuka upasuaji, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wenzao. Inatia moyo, ila wagonjwa 26 ni wachache mno. Kwa upande mwingine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri matibabu ya kuuvuta uti wa mgongo, kama inavyofanya meza hii, yasitumike kama jambo la kawaida, na badala yake unapendekeza mazoezi. Kwa maoni yangu, meza hii ni ya kukupa nafuu ya muda, nawe usiitarajie ikuponye.

Mimi ningeanza na kiti chako cha cherehani. Kipandishe hadi usilazimike kuinamia kitambaa, nyanyuka kila baada ya nusu saa, na utembee jioni. Wiki sita zikipita bila nafuu yoyote mezani, mwambie mwanao ukweli huo, naye aitafutie meza mnunuzi.