Kwa mnaoanza kufundisha mazingira mialoni, yaani kwenye fukwe zinakotua mitumbwi ya wavuvi

Wadogo zangu mliopangiwa vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, kabla ya kuandaa somo angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wake hupumzika. Mikutano iwekeni siku hizo. Mkiita watu wakati wa giza, wanaume wamelala na kina mama wako juani wanaanika, na wingu likitanda hata aliyekuja ataondoka mbio akaanue dagaa wake. Ana haki.

Mabango ya tembo na twiga yaacheni ofisini. Bioanuwai ya hapa iko majini, kwa hiyo anzeni na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Waombeni wazee wa mwaloni wawataje furu waliowala utotoni, rangi zao, na kama walikaa kwenye miamba au kwenye matete. Vijana hushangaa sana, maana wengi wanamjua furu kama chambo tu. Hapo ndipo mseme kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na kwamba sangara aliyepandikizwa tangu miaka ya 1950 ni sababu kubwa ya nyingi kutoweka. Ila msimfanye sangara adui. Ndiye anayesomesha watoto wa hao mnaozungumza nao.

Somo linaloingia upesi kuliko yote ni kichocho. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, na wapo furu wanaowala konokono kwa kuwaponda na meno ya kooni. Nimewaona kina mama waliokaa pembeni wakisogea mbele waliposikia hilo. Msiahidi kwamba furu watamaliza kichocho. Dawa na vyoo viko palepale. Watu waone tu kwamba samaki asiye na bei sokoni ana kazi ziwani.

Mita 60 za ufukwe zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 zinataka upole, kwa sababu bustani za mchicha na nyanya zimo humohumo. Baada ya mvua, tembeeni na mwenye bustani mpaka penye matete, kisha mpaka yalikofyekwa, alinganishe mwenyewe tope linaloingia majini.

Nyavu haramu kama makokoro na timba msiulize nani anazo. Hiyo ni kazi ya BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi mwaloni) na maofisa uvuvi, na mkidhaniwa wapelelezi hamtapata wa kumfundisha. Mkiulizwa ninyi, elezeni kwa nini sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi: wengi wao, hasa majike, hawajazaa hata mara moja.