Nimefika Uturuki, au Nimeichungulia Tu?

SWALI: Mhariri, mwaka jana mimi na dada yangu tulisafiri kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Aegean kwa muda wa siku saba. Huko Uturuki meli yetu ilifunga gati asubuhi katika bandari ya Kuşadası. Tulibandikwa vifuani karatasi zenye namba ya basi, tukapelekwa kwenye magofu ya Efeso, ambako tulikaa juani kwa muda usiozidi saa moja na nusu, kisha tukaingizwa katika duka la mazulia na kuketishwa humo kwa muda unaokaribia huo huo. Kitu kimoja tu kilinishika: mama mzee aliyekuwa akifuma zulia, vidole vikifunga mafundo huku macho yake yakitutazama sisi. Nilitaka kumwuliza jambo, lakini kiongozi wetu aliinua kibao chake, kundi likaondoka. Jioni, nikiwa sitahani, niliyatazama mataa ya mji yakififia, nikafurahi kwamba nimefika nchi ya watu, na papo hapo nikaona haya, kana kwamba nimechungulia dirisha la mtu nikaenda zangu. Sasa jamaa wananiuliza Waturuki wanaishije, nami sina la kuwajibu, na dada anataka twende tena mwaka ujao. Je, ni haki kusema nimeitembelea Uturuki? Na niende tena?

JIBU: Ndugu msomaji, sema umefika Uturuki, kwa maana umefika. Ukiulizwa Waturuki wanaishije, jibu kwamba hujui, kisha uwasimulie habari za yule mama mfumaji. Katika barua yako yote, huyo ndiye pekee niliyemwona kwa macho yangu. Efeso umenitajia jina lake tu.

Sidhani kwamba kosa lilikuwa ni ufupi wa muda. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, akiwa safarini kwa chombo kwenda Kilwa, alilala Mombasa usiku mmoja tu, muda usiozidi sana ule mliopewa ninyi. Hata hivyo, alieleza kwamba misikiti ya huko ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi, kwamba penye milango yake palikuwa na kisima kimoja au viwili, kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja, na kwamba mtu alinawa miguu na kuipangusa kwenye mkeka mnene kabla ya kuingia. Msafiri aliyelala usiku mmoja akaangalia hadi urefu wa kijiti! Wanahistoria wanaisoma taarifa hiyo mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe hakudai kuwa amewajua wenyeji.

Kwa hiyo ninavyoona, haya uliyoiona sitahani ilitokana na kwamba saa zako zilipangwa na mtu mwingine, na ulipopata hatimaye jambo lako mwenyewe la kutazama, kibao kikainuliwa. Ungebaki pale dakika kumi, huenda mama yule angekuonyesha kwamba katika fundo la Kituruki uzi mmoja huzungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande, yaani zile zilizotandwa kwa urefu wa zulia, si mmoja, na ungerudi melini na kitu cha kuwaeleza jamaa zako.

Efeso nayo ingekufaa zaidi kama mngeelezwa kwamba mji ule wenyewe ulikuwa bandari. Mto uliomwaga matope yake hapo kwa karne nyingi uliisukuma bahari mbali kilomita kadhaa, na ndiyo maana mlikwenda kwa basi mahali ambapo zamani wageni walishuka moja kwa moja kutoka chomboni. Na hata enzi hizo wapo waliopita bila kushuka: Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba Paulo, aliyekwisha kuishi Efeso kwa miaka, aliupitiliza mji huo kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufika Yerusalemu, akawaita wazee wa kanisa wamfuate Mileto.

Lipo pia jambo ambalo hukuliuliza lakini nalihisi katika haya yako, nalo ni mzigo ambao wageni wa meli huwaletea wenyeji. Hilo si la kubuni. Dubrovnik, mji wa bandari huko Kroatia, imeweka kikomo cha meli za kitalii zinazopokelewa kwa siku, na Italia mwaka 2021 ilizikataza meli zenye ukubwa wa zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya Uwanja wa Mtakatifu Marko huko Venice. Abiria anayekula na kulala melini huacha fedha kidogo bandarini, na jambo hilo huwezi kulitatua peke yako. Unachoweza ni kunywa chai yako mjini na kununua kwa muuzaji uliyemchagua mwenyewe.

Nenda na dada yako. Mkifika tena Kuşadası, acheni basi la kundi, mpande dolmuş, yaani basi dogo la abiria wa kawaida, hadi mji wa Selçuk, ambako kuna Msikiti wa İsa Bey uliojengwa mwaka 1375 na makumbusho yenye sanamu za Artemi, mungu wa kike wa kale, zilizotoka Efeso. Chagueni kimoja kati ya hivyo viwili na mtulie humo. Ila meli ambayo kwa kawaida hungoja kundi lake lililochelewa haina wajibu wa kuwangoja ninyi mliojitafutia njia, na mara nyingine saa ya melini hutofautiana na saa ya bandarini. Zilinganisheni kabla ya kushuka ngazi.